Kliniki ya ngozi niliyoipata Kisumu, na doa lililokuwa likirudi palepale

Nianze na bei, kwa kuwa ndilo swali la kwanza ninaloulizwa hapa sokoni Kibuye. Kumwona tabibu ni shilingi 1,500. Akiona haja ya kukwangua ngozi na kuitazama kwa hadubini, unaongeza 600, na majibu unayapata ukiwa bado umeketi hapo. Ukirudi ndani ya wiki mbili kumwonyesha maendeleo, hulipi. Risiti unapewa, kila kitu na mstari wake. SHA, ile bima ya afya ya serikali, hawapokei, unalipa kutoka mfukoni. Kwa fundi wa nguo kama mimi hizo si pesa za kuchezea, lakini leo hii ningezitoa tena bila kusita. Nitaeleza sababu kwa urefu, maana najua huku kwetu kuna watu wengi wanaowashwa mahali pamoja mwaka nenda mwaka rudi, na wameshapakwa kila aina ya dawa.

Kliniki iko ghorofa ya pili, katikati ya mji wa Kisumu, hatua chache kutoka Oginga Odinga Street. Jina lake siandiki, kwa sababu tabibu mwenyewe aliniomba nisimtangaze, na ombi la mtu aliyenitibu nitaliheshimu. Yeye ni afisa wa kliniki. Baada ya kufanya kazi hospitalini alikwenda kusomea magonjwa ya ngozi Moshi, Tanzania, kwenye kile kituo cha mafunzo kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC. Watu hutoka nchi nyingi za Afrika kwenda kusoma pale, kwa kuwa madaktari bingwa wa ngozi ni wachache na wengi wao hukaa miji mikubwa. Nasema haya ili mtu asije akadharau akisikia si daktari bingwa. Mimi nilipofika kwake nilikuwa nimeshapita mikono mingi, na hakuna aliyenipima alivyonipima yeye.

Sasa doa lenyewe. Lilikuwa mkono wa kulia, pale kwenye nyama kati ya kidole gumba na cha shahada, upande wa juu. La duara, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Lilianza na mwasho, mwasho wa ndani usiofikiwa na kucha, na joto kama la kuungua. Baada ya saa chache ngozi ilivimba kidogo, ikawa na wekundu uliochanganyika na zambarau, na siku nyingine katikati palitoka lengelenge. Halafu lilinyauka, likabambuka, likaacha alama ya rangi ya jivu iliyoiva. Miezi ilipita kimya. Siku moja, bila taarifa, likarudi, na likarudi palepale, kwa mpaka uleule. Lilikuwa na wenzake wawili: kadogo pembeni mwa mdomo wa chini, na jingine juu ya kifundo cha mguu. Yote matatu yaliamka pamoja na kulala pamoja.

Mimi ni mtu wa vipimo. Kazi yangu ni kukata. Kwa hiyo safari moja lilipoamka nilichukua karatasi ya kaki ninayokatia mitindo, nikaiweka juu ya mkono, nikalichora doa kwa kalamu kufuata ukingo wake, nikakata na kuandika tarehe nyuma. Lilipoamka tena nikaweka kile kipande juu yake. Kililala sawasawa, kama mfuko uliokatwa kwa shati lake. Hata ile pembe ndogo iliyojitokeza upande wa kidole gumba ilikuwapo. Kipande hicho nilikihifadhi kwenye mkebe wa vifungo, nikawa nakionyesha kila nilipokwenda kutibiwa. Kila mahali walikitazama wakanirudishia, mpaka nilipofika kliniki hii.

Kabla ya hapo niliambiwa mengi. Mahali pa kwanza waliniambia ni choa kwa sababu ni duara, nikapewa krimu ya fangasi. Pa pili wakasema ni upele, ule wa wadudu wa ngozi, nikapewa ile dawa nyeupe ya maji ya kupaka mwili mzima usiku, tukapakwa nyumba nzima mpaka watoto wakalia macho yakiwawasha. Mahali pengine niliuziwa krimu iliyochanganya dawa tatu, ikiwamo steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho. Hiyo ilituliza mwasho upesi, nami nikaendelea kuinunua dukani kwa kuwa hakuna aliyenipa kikomo. Wenzangu sokoni walisema ni rangi ya vitenge vipya, wengine samaki wa mbuta, wengine mayai. Shangazi yangu Mumias alisema ni jicho la mtu, akanisomea maji, na namshukuru kwa huruma yake. Nilioga mwarobaini. Jibu lililoniumiza kuliko yote lilikuwa la mhudumu mmoja aliyesema ni mkasi: kwamba ngozi yangu imeyakataa madini ya nikeli, na itabidi niache ushonaji. Nina watoto watatu shuleni, na cherehani ndiyo inayowalisha. Niliporudi kibandani siku hiyo niliushika mkasi wangu nikashindwa kukata hata nguo moja.

Mteja wangu mmoja, mama wa Kondele anayeshonesha mabaibui kwangu, ndiye aliyenielekeza hapa. Mjukuu wake alitibiwa pumu ya ngozi akapona.

Ukifika, jiandae kusubiri. Hili nalitaja kama kasoro na ninamaanisha. Wanaandika majina kuanzia saa mbili asubuhi, na nilipoingia mimi saa sita ilikuwa imepita. Benchi ni moja, jembamba, na chumba hakina feni, nanyi mnalijua joto la Kisumu kabla ya mvua ya alasiri. Mtu mwenye ngozi inayowasha akikaa kwenye joto lile atajikuna tu. Mapokezi kuna binti mpole sana, ila mezani kwake amepanga chupa za losheni za bei ya juu, na mgonjwa mgeni anaweza kudhani ni lazima anunue. Si lazima. Tabibu mwenyewe aliponiona nimeshika moja aliniambia mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, yanatosha.

Kasoro ya pili ni pazia. Chumba cha kuonea wagonjwa kimetenganishwa na pa kusubiri kwa ukuta wa mbao na pazia zito, na ukinyamaza unasikia maneno ya ndani. Magonjwa ya ngozi yana aibu zake, mengine yako sehemu za siri. Naomba wajenge mlango. Niliwaambia hivyo, wakaliandika.

Lakini ukishaingia ndani, unakutana na mtu anayefanya kazi yake.

Kwanza alinawa mikono, akanihamishia kiti dirishani, akazima taa. Alisema ngozi yetu isomwe kwa mwanga wa jua, kwa sababu ile taa nyeupe inaficha zambarau. Akanieleza kwamba picha nyingi za magonjwa ya ngozi vitabuni ni za watu weupe, zinaonyesha wekundu, na mtu aliyezisomea hizo tu akikutana na ngozi nyeusi huutafuta wekundu asiupate, akakosa ugonjwa ulio mbele yake. Kwetu sisi wekundu huo huonekana zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu. Nilijisikia nimeheshimiwa. Sijui niseme vipi, ila mahali pengine mkono wangu ulitazamwa kana kwamba rangi yake ndiyo usumbufu.

Halafu akaomba kuuona mwili wote. Alimwita muuguzi wa kike, akaniambia mapema kila atakachofanya, akasubiri nikubali. Alitazama kichwa chini ya ushungi, ndani ya mdomo, kucha, kati ya vidole vyote vya mikono na miguu, viganja, mgongo. Mgongoni, chini ya bega la kushoto, alikuta doa la nne. Mimi sikulijua. Muuguzi alilipiga picha kwa simu yangu mwenyewe nikaliona: duara, rangi ya jivu, limelala. Kote nilikokuwa nimepita hakuna aliyewahi kuniambia nivue hata sweta.

Akaanza kuondoa moja moja, kwa sauti, nikisikia. Choa: alikwangua ukingo wa doa la mkono, ganda likaangukia kwenye kioo, akalidondoshea dawa ya potasiamu haidroksaidi, akaliacha kidogo, akalitazama kwenye hadubini. Fangasi huonekana kama nyuzi zenye matawi. Aliniita nitazame na mimi. Hakuna nyuzi. Akasema pia kwamba choa hakijui kukaa kwenye mpaka wake. Hutambaa, kikapanuka ukingoni na kupona katikati. Upele: alitafuta vijia vya wadudu kati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono kwa kioo cha kukuza, akauliza kama nyumbani kuna mwingine anayejikuna usiku. Hakuna. Upele ukimshika mama wa watoto watatu hauwaachi watoto.

Kisha mkasi. Hapa ndipo nilipomwamini. Aliniuliza kama ninao. Ninao, hutembea nao mkobani pamoja na kastabini. Akaniambia niushike kama ninavyokata, akaleta gazeti, nikakata. Akatazama kwa karibu pete ya mkasi inapogusa. Inagusa ubavu wa ndani wa kidole gumba, na chini ya kidole cha kati, palipo na sugu za miaka. Doa liko juu, kwenye ngozi ambayo pete haifiki. Akasema mzio wa nikeli hufuata chuma kilipogusa, hutokea polepole, baada ya siku moja au mbili, ukingo wake umefifia, na mtu akipumzika kazi hupata nafuu. Akaniuliza: Idi ukifunga kibanda, unapata nafuu? Nikamwambia doa lilishawahi kuamka katikati ya likizo, niko Mumias, sijashika hata sindano. Akaniuliza: na mdomo, unashika mkasi kwa mdomo? Na kifundo cha mguu? Na mgongo?

Nikatoa kile kipande cha karatasi. Alikiweka juu ya doa, akakigeuza akasoma tarehe, akanyamaza kidogo. Akaniambia, “Mama, hii karatasi ni kipimo kizuri kuliko vingi nilivyo navyo humu ndani.” Ugonjwa unaorudi kwenye mpaka uleule, kwa umbo lilelile, ni mchache sana, akasema, na mmoja wao ndio aliokuwa akiufikiria tangu alipouona mgongo.

Akauliza kama natumia dawa yoyote. Nikajibu hapana, kwa sababu sina kisukari wala presha, sina dawa ya kila siku. Nadhani mtu yeyote huku angejibu hivyo. Na wote walionipima kabla yake waliishia kwenye jibu hilo wakaendelea kuandika. Yeye aliweka kalamu chini akauliza kwa njia nyingine. Tumbo likikuharibikia unafanya nini? Ukikohoa? Jino likiuma? Siku za hedhi? Mgongo ukichoka na cherehani? Ukihisi homa usiku na hospitali zimefungwa? Kila swali lilikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa na kidonge. Akachukua kalenda ya ukutani, tukarudi nyuma pamoja, mwezi baada ya mwezi, tarehe ya karatasi yangu ikiwa ndio mwanzo.

Tarehe ile ilikuwa wiki ya mvua kubwa, maji ya bomba Manyatta yalikuwa yamechafuka na nusu ya mtaa tulikuwa tunaharisha. Nilinunua kotrimoksazoli kwenye duka la dawa, vile vidonge vikubwa vyeupe ambavyo wengi tunaviita septrini. Nilimeza viwili adhuhuri. Mwasho ulianza jioni ileile. Mara iliyotangulia nilikuwa na kikohozi, na dukani walinipa vilevile. Nilipokuwa Mumias kwenye Idi, tumbo tena, na vidonge vilitoka kabatini kwa shangazi.

Akauliza doa la kwanza kabisa lilikuja lini. Nikamwambia ni wakati wa mimba ya mtoto wangu wa mwisho, na watu walisema ni weusi wa mimba utaondoka nikijifungua. Akauliza kama nilikuwa nahudhuria kliniki ya wajawazito. Ndiyo. Ulipewa vidonge vitatu ukavimeza mbele ya muuguzi? Ndiyo, nilipewa, kama wanavyopewa wajawazito wengi wa kanda hii ya ziwa kujikinga na malaria. Akatikisa kichwa taratibu. Vidonge vile ni sulfadoksini na pirimethamini. Sulfadoksini ni ya jamii ya salfa. Kotrimoksazoli nayo ina salfa ndani yake.

Kwa hiyo ndilo jibu: mzio wa dawa unaokaa mahali maalumu pa ngozi. Alisema madaktari waliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1889, na Mfaransa aitwaye Brocq akaupa jina mwaka 1894. Basi ni ugonjwa unaojulikana kwa zaidi ya miaka mia moja. Mara ya kwanza mwili unapoikataa dawa huenda ikachukua wiki moja au mbili. Doa likishatoka na kunyauka, seli za kinga zinazokumbuka dawa ile hazirudi kwenye damu. Zinabaki zimekaa kwenye ngozi ya pale pale. Siku dawa ikipita tena mwilini, zinaamka ndani ya saa chache na kuishambulia ngozi zilipokaa, na pengine zinaongeza doa jipya mahali pengine. Ndiyo maana mpaka haubadiliki. Ndiyo maana yanaamka yote pamoja. Na mikono, midomo, miguu na sehemu za siri ndipo yanapopenda. Salfa ni mshukiwa wa kawaida, lakini wapo wengine: dawa za kutuliza maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini, antibiotiki za jamii ya tetrasaiklini, metronidazoli, na kwa watu wachache hata parasetamoli.

Nilimuuliza kama kuna kipimo cha kuhakikisha. Akasema kipo: mgonjwa hupewa dawa ile kidogo, akiwa chini ya uangalizi, kuona kama doa litaamka. Kwangu hakutaka, kwa sababu salfa kwa baadhi ya watu huleta madhara makubwa zaidi, ya ngozi kubambuka mwili mzima, na yeye hana kitanda cha kulaza mtu pale. Historia, kalenda, madoa manne na karatasi yangu vilimtosha. Alinisisitizia nisije nikajaribu mwenyewe nyumbani. Na hili naliandika kwa ajili ya kila anayesoma: ukimeza dawa ukaona malengelenge yanaenea, au vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri, pamoja na homa, usisubiri kliniki ya ngozi. Nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo na ubebe hiyo dawa.

Tiba yenyewe ilikuwa fupi. Acha salfa. Krimu ya steroidi ya kupaka doa la mkono kwa siku chache tu, kisha basi, mdomoni nisiipake. Kidonge cha setirizini usiku kwa mwasho. Ile krimu ya mchanganyiko niitupe, kwa kuwa steroidi kali ikipakwa muda mrefu hukondesha ngozi, na ukiwa na fangasi kweli huificha ikaendelea kukua chini kwa chini. Kuhusu weusi ulioachwa na madoa, alisema nivumilie: rangi hiyo imezama chini, itafifia kwa miezi mingi, na krimu za kujichubua zitaniharibu kuliko doa lenyewe. Alijua kwamba wanawake huuziwa hizo pale sokoni. Alilisema mara mbili.

Akaniandikia kadi. Kadi ngumu, yenye jina langu na maneno haya: mzio wa dawa za salfa, na chini yake kotrimoksazoli na sulfadoksini zimetajwa kwa majina. Naibeba nyuma ya simu. Duka la dawa, hospitali, kliniki ya meno, kila mahali naitoa kabla sijaulizwa. Kwa mimi hiyo kadi pekee inatosha zile 1,500.

Kuna jambo moja nalisema kwa uzito. Nilipohadithia nyumbani, wifi yangu aliye mjamzito aliogopa, akasema hatameza tena vile vidonge vya kliniki. Nilimpigia tabibu simu nikiwa naye. Alijibu, ingawa ilikuwa jioni, na akamweleza kwa utulivu kwamba mzio wangu ni wangu. Yeye hajawahi kupata shida na salfa, na vidonge vile vinamkinga yeye na mtoto dhidi ya malaria, ambayo huku kwetu kandokando ya ziwa huua. Aendelee kuhudhuria na kumeza kama anavyoelekezwa. Wenye mzio kama mimi ndio wanaopaswa kumwambia muuguzi ili watafutiwe kinga nyingine. Wifi alimeza. Naomba asitoke mtu hapa akawatisha wajawazito kwa hadithi yangu.

Mama yangu naye aliposikia alikumbuka klorokwini. Watu wa rika lake wote wanaikumbuka: unameza, halafu mwili mzima unawasha usiku kucha, viganja na nyayo, huku ngozi haina hata kipele. Serikali iliiacha mwaka 1998 kama dawa ya kwanza ya malaria, ikaweka sulfadoksini na pirimethamini mahali pake, na baadaye ndipo zikaja hizi za mchanganyiko wa artemeta tunazozitumia leo. Mama alidhani tatizo langu ni lilelile la klorokwini. Nilipokwenda kuonyesha maendeleo nikamuuliza tabibu kwa niaba yake, naye akaeleza kwamba ni mambo mawili tofauti: ule ulikuwa mwasho wa mwili mzima uliowapata Waafrika wengi sana, bila doa na bila kurudi mahali maalumu. Alichukua muda kulijibu swali la mtu ambaye hata hakuwapo.

Tangu hapo tumbo limenisumbua tena, kama linavyosumbua kila mtu mvua zikianza. Nilikunywa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, halafu nikaenda kupimwa, nikaonyesha kadi. Doa halikuamka. La mkono limeanza kupauka kutoka ukingoni. Mkasi ninaushika kutwa nzima, na hizi ni wiki za sare za shule.

Kwa huduma ya ndani ya chumba ninawapa alama zote. Kwa mahali pa kusubiri nawapa nusu, na kwa faragha chini ya nusu, na sitabadilisha mpaka nione mlango. Ngazi ni kali na hakuna lifti, kwa hiyo ukimleta mzee njoo na wa kumshika mkono. Waliokuwa nyuma yangu walinung'unika kwa sababu nilikaa ndani muda mrefu. Nawaelewa, lakini muda huo ndio unaolipiwa pale, na nilipotoka niliona mzee aliyenifuata naye akikaa vilevile.

Ukienda, kusanya kwanza kila pakiti ya dawa iliyo nyumbani, pamoja na zile zilizoisha ukabaki na karatasi ya fedha tu, hata za kichwa, hata za mitishamba, na uzitie kwenye mfuko uende nazo. Doa likiwa limeamka lipige picha dirishani, mchana, na uandike umekula na kumeza nini siku ile na siku iliyotangulia. Ukiweza lichore. Nenda bila kupaka krimu asubuhi hiyo, maana inaharibu kipimo cha kukwangua. Wanafungua Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi mpaka saa saba. Jumatano tabibu huenda kliniki ya kijijini, hakuna wa kukutibu, hata kama binti wa mapokezi yupo.